Nyama ya Buseresere na Elimu ya Chuo Kikuu

Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere, mji mdogo wa biashara katika Mkoa wa Geita, Wakristo na Waislamu waliokuwa majirani kwa miaka mingi walipigana kwa ajili ya machinjio. Jambo lenyewe, ukilitaja kwa haraka, laonekana dogo: ni nani mwenye haki ya kuchinja mnyama ambaye nyama yake itauzwa kwa watu wote? Lakini siku ya tarehe 11 mchungaji mmoja aliuawa, watu wengine wakajeruhiwa, na hofu ikaingia katika nyumba ambazo siku chache nyuma zilikuwa zikiazimana chumvi. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule ghasia za namna hiyo zikazuka Tunduma, mpakani mwa Zambia, mbali kabisa na Geita.

Hatulitaji jambo hili kwa nia ya kutonesha kidonda. Twalitaja kwa kuwa latusaidia kujibu swali ambalo wazazi wengi na wafanyakazi wengi huliuliza: ya nini kumsomesha kijana elimu ya dini pamoja na elimu ya maadili katika chuo kikuu? Wanasema nchi yataka wahandisi, waganga, mabwana shamba na mafundi. Wanasema dini hufundishwa bure msikitini na kanisani, na adabu hufundishwa nyumbani. Swali hili ni la haki, maana fedha inayomsomesha kijana yule ni jasho la mkulima wa pamba wa Shinyanga na la mchimbaji wa Geita. Mwenye jasho astahili kujibiwa kwa maneno yanayoeleweka.

ELIMU HIZI NI ZIPI?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina. Elimu ya dini tunayoizungumza hapa si ile ya kumwandaa mtoto kwa kipaimara wala ya kumhitimisha Kurani. Kazi hiyo ina wenyewe, nao waifanya vema. Katika chuo kikuu mwanafunzi huisoma dini yake na dini za wenzake: vitabu vyake, historia yake, mila zake, na jinsi zinavyotawala ndoa, chakula, kazi, ugonjwa na mazishi ya watu. Mkristo huisoma sharia ya Kiislamu. Mwislamu huzisoma nyaraka za Paulo. Na wote wawili huzisoma imani za mababu, ambazo katika Usukuma na Uzinza hazijafa hata kidogo.

Elimu ya maadili katika matendo nayo ni tawi la falsafa. Haitosheki kusema kwamba wema ni mwema. Huchukua ugomvi ulio hai, wa hospitali, wa mgodi, wa ofisi au wa soko, ikauliza ni lipi la haki kutendwa, na kwa hoja gani. Tena hoja zenyewe sharti ziwe zile ambazo mtu aweza kuziweka mbele ya jirani asiye wa dini yake, na jirani yule akazipima.

Basi tuichukue nyama ile ya Buseresere tuiweke mbele ya kijana aliyesoma elimu hizi mbili. Atatuambia kwanza kwamba desturi ya kuwaachia Waislamu kazi ya kuchinja nyama ya kuuzwa ilikuwa imeenea sana nchini, na ilidumu kwa sababu ilirahisisha maisha. Mwislamu hakuruhusiwa na dini yake kula mnyama asiyetajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na Wakristo walio wengi hawakuona kizuizi cha kula alichochinja Mwislamu. Bucha moja iliwatosha wote, na katika harusi na matanga watu waliweza kula sinia moja.

Atatuambia pia kwamba neno hili halikuanzia Geita. Sura ya Al-Maida, katika aya ya 5, yahalalisha kwa Waislamu chakula cha watu waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya masharti ya ruhusa hiyo. Mtume Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, alikabiliwa na swali la nyama ya sokoni iliyokuwa imetolewa kwa sanamu. Aliwapa waumini uhuru wa kula, lakini akawaonya wasiutumie uhuru huo kuijeruhi dhamiri ya ndugu aliye dhaifu. Maneno haya hayakati shauri la Buseresere. Lakini mpatanishi anayeyajua aweza kuingia katika nyumba zote mbili kwa mlango wa mbele, naye akasikilizwa.

Hapo ndipo elimu ya maadili inapoanza kazi yake, nayo ni kufungua mafundo yaliyofungwa pamoja. Machinjio ni jambo la afya, na hilo ni la bwana afya na bwana mifugo. Ni jambo la ibada, na hapo dhamiri ya mlaji yataka iheshimiwe, maana yake ajue anachokinunua kabla hajakinunua. Ni jambo la kazi na kipato, kwa kuwa mchinjaji hulipwa ujira wake, na haki ya kupata kazi haipaswi kugawanywa kwa dini bila sababu iliyo wazi. Mwisho ni jambo la desturi, nalo lazua swali gumu: je, desturi iliyowafaa wote jana yaweza kumfunga leo mtu ambaye haikubali tena? Kila fundo lina njia yake ya kufunguliwa. Mwaka ule wa 2013 yote manne yalivutwa kwa pamoja na kwa hasira, na kamba ikakaza shingoni.

Fikirini sasa angalipelekwa pale mtu mwenye elimu moja tu. Mjuzi wa dini asiyezoea kupima hoja angesema kitabu chake kinasema nini, na kila upande ungerudi nyumbani na aya yake. Mjuzi wa maadili asiyejua dini angeeleza usawa na haki kwa ufasaha mkubwa, lakini asingeelewa kwa nini mzee mtulivu aweza kukesha bila usingizi kwa ajili ya kipande cha nyama.

AIBU YA KANDA YA ZIWA

Kuna jambo jingine zito kuliko hilo. Kwa miaka mingi katika Shinyanga, Mwanza na Geita vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wa pekee ulikuwa macho mekundu, macho ambayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe jikoni. Kisha, hasa kuanzia mwaka 2007, yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kwa ajili ya dawa za kuleta utajiri. Waliotajwa mara kwa mara kuwa wanunuzi wa dawa hizo ni watu wa kazi za bahati: wachimbaji na wavuvi.

Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928. Mwezi wa Januari mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ikatangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Amri hizi zilikuwa na sababu, na sisi hatuzibezi. Lakini kulazimika kutoa amri ya pili miaka 6 baada ya ya kwanza kwatuonyesha kwamba mzizi wa jambo hili umezama mahali ambapo askari peke yake hafiki.

Aliyeisoma dini ya Wasukuma ajua kwamba mganga wa mitishamba anayemtibu mtoto homa, mpiga ramli anayemtaja jirani kuwa mchawi, na muuzaji wa viungo vya binadamu ni watu watatu tofauti, hata kama wote watatu huitwa waganga. Ukiwatia katika gunia moja unampoteza yule wa kwanza, ambaye angekuwa shahidi wako juu ya wengine. Naye aliyesoma maadili atauliza habari za mnunuzi. Mwenye panga hufungwa akipatikana. Lakini yule aliyetoa fedha, aliyekaa nyumbani akingoja hirizi, ana sehemu gani katika damu ile? Je, aweza kujitetea kwamba hakuuliza dawa ilitengenezwa kwa nini? Atauliza pia kwa nini biashara hii ilinawiri penye dhahabu. Mtu achimbaye duara kwa miezi sita bila kujua kama mwamba una kitu, huku deni la chakula likipanda, ni rahisi kumsikiliza yeyote anayedai kuiuza bahati. Mwenye kutaka kuikomesha hirizi sharti atazame pia mkopo, vipimo vya miamba na ujira wa mchimbaji.

DHAHABU NA SADAKA

Dhahabu ya Geita imechimbwa kwa mashine tangu miaka ya 1930. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kazi mwaka 2000. Pembeni yake wako maelfu ya wachimbaji wadogo. Wao huponda mawe kwa karasha, husaga, kisha huchanganya unga ule na zebaki ili ishikamane na chembe za dhahabu, na mwisho huichoma zebaki iondoke. Mvuke wake huingia mapafuni, huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huwaumiza zaidi watoto na mama wajawazito. Mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kuipunguza zebaki. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Hata hivyo watoto wameonekana katika mialo ya Geita na Kahama wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Hapa twauliza swali ambalo halijaulizwa vya kutosha. Siku ya Jumapili au ya Ijumaa, mwenye duara aliyewatumia watoto hao aleta sadaka nono. Je, kanisa lipokee? Msikiti ujengwe kwa fedha ile? Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, yakataa baadhi ya mapato yasiletwe nyumbani mwa Bwana. Uislamu wafundisha kwamba Mungu ni mwema na hukubali kilicho chema tu. Misingi ya kujibu basi iko katika dini zote mbili. Kinachotakiwa ni mtu wa kuifuata hatua kwa hatua: tutajuaje fedha imetoka wapi? Tukiikataa, mtoto yule atapata nafuu gani? Je, si vema zaidi kumwambia mwenye duara kwamba sadaka yake ya kwanza ni kumrudisha mtoto shuleni na kuwanunulia wachimbaji wake chombo cha kunasa mvuke? Mchungaji au shehe aliyezoezwa kuuliza namna hii aweza kufanya, kwa hotuba moja mbele ya waumini wake, kazi ambayo mkaguzi hawezi kuifanya kwa mwaka mzima.

SI JAMBO GENI

Wako wanaodhani kuoanisha elimu hizi ni mtindo mpya ulioletwa kutoka ng'ambo. Sivyo. Al-Azhar ya Kairo, iliyoanzishwa katika karne ya 10, imefundisha fikihi pamoja na elimu ya imani kwa mamia ya miaka, na fikihi ni hukumu ya matendo ya mtu, kuanzia sala hadi mizani ya dukani. Seminari za wamisionari zilifundisha maadili kwa visa vya kupimwa kimoja kimoja. Kilicho kipya ni kufanya hivyo katika chuo cha umma, mahali ambapo hakuna dini moja iliyoketi kiti cha hakimu.

Katika Afrika ya Mashariki tunao watangulizi. John Mbiti alifundisha dini katika Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, na kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, kilisomwa duniani kote. Nairobi, mwaka 1969, Askofu Stephen Neill alipewa kazi ya kuanzisha idara iliyounganisha falsafa na dini. Humo alifundisha Henry Odera Oruka, aliyekwenda kwa wazee wa vijijini kusikiliza hoja zao juu ya Mungu, kifo na haki, akazichapisha mwaka 1990. Padre Laurenti Magesa wa Musoma, aliyefariki mwaka 2022, aliandika mwaka 1997 kitabu kizima juu ya maadili yaliyomo katika dini ya Kiafrika. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kikiwa na somo la sheria peke yake. Leo kinayo idara inayobeba falsafa na elimu ya dini pamoja. Muhimbili wanafundisha maadili ya tiba. Na Malimbe, kando ya Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kimekaa mlangoni pa ukanda wa dhahabu.

Dunia nayo ilijifunza kwa uchungu. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972 waganga wa serikali waliwaangalia mamia ya wanaume weusi wakiugua kaswende bila kuwapa dawa, hata baada ya penisilini kupatikana, ili wauone ugonjwa unavyokwenda. Waganga wale hawakukosa elimu ya dawa. Fedheha ilipofichuka, taifa lile liliunda tume ya wajumbe 11, na miongoni mwao walikuwamo wasomi wa dini na maadili pamoja na wanasheria na waganga. Taarifa yao ya mwaka 1979 ndiyo iliyoweka misingi inayofuatwa hadi leo katika utafiti wowote unaohusu watu: kumheshimu mtu, kumtendea mema, na kugawa kwa haki mizigo na faida.

HOJA ZA WAPINZANI

Twajua yatakayosemwa. Wengine watasema kwamba Serikali haina dini, kwa hiyo chuo chake kisiguse dini. Twakubali neno la kwanza, na twalikataa la pili. Serikali haina dini, lakini watu wanazo, na Katiba ya mwaka 1977 imelinda uhuru huo. Mwenye kuwatumikia watu wenye dini bila kuzijua dini zao anatembea gizani. Hatari ya kugawanyika iko zaidi pale ambapo kila kijana ameijua dini yake peke yake, na ya mwenzake ameisikia kwa maadui wa mwenzake.

Wengine watauliza habari za kazi. Twasema kwamba mgodi wahitaji ofisa wa kuzungumza na vijiji vinavyouzunguka. Hospitali yahitaji mtu wa kukaa na jamaa za mgonjwa. Chama cha wafanyakazi, halmashauri, mahakama na shule zote zina kazi hiyo. Lakini vyuo navyo vikiri kwamba shahada inayopatikana kwa kukariri majina ya wanafalsafa wa Ulaya haitamfikisha kijana katika kazi hizo.

Wa mwisho watasema kwamba elimu ya maadili haimfanyi mtu kuwa mwema. Ni kweli tupu. Hata elimu ya kilimo haileti mvua. Lakini mvua ikinyesha, aliyeisoma atajua la kupanda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kijana wa leo aweza kuzitaja tarehe hizo zote asijue hoja zilizokuwa nyuma yake: kwa nini nyumba ya kupangisha ilihesabiwa kuwa hatari kwa kiongozi, na kwa nini baadaye haikuhesabiwa hivyo. Asiyezijua hoja hizo hawezi kuitetea sheria iliyopo, wala kuirekebisha.

Kwa hiyo twaviomba vyuo vyetu mambo mawili yanayowezekana. Mosi, mwanafunzi wa dini asihitimu bila kusoma maadili katika matendo, wala wa maadili bila kusoma walau dini mbili zisizo yake. Pili, kama vile mwanafunzi wa uganga apelekwavyo wodini, hawa nao wapelekwe Geita, Kahama na Shinyanga kwa miezi kadhaa: wakae na wachimbaji mialoni, na mabwana afya machinjioni, na wazee wa mila, na mashehe na wachungaji, kisha waandike kwa Kiswahili walichokiona na wanachokishauri, ili wale walioandikwa nao waweze kusoma na kujibu.

Nanyi wanachama na wafanyakazi, mtoto wenu akichagua masomo haya msimcheke. Mwambieni tu kwamba mtamdai. Siku ugomvi mwingine utakapozuka buchani, mgodini au katika zahanati, asiende kujificha nyuma ya vitabu vyake. Aje akae na pande zote mbili, azisikilize dini zao kama mtu anayezijua, apime hoja zao kama mtu asiyependelea, na watu warudi nyumbani kwao wakiwa hai. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, na kabla haujatimiza miaka miwili ulikuwa umekwisha kumwaga damu kwa ajili ya nyama. Hiyo ni gharama kubwa kupita karo ya chuo chochote.